Nyasi za Nyumbani Zinataka Subira ya Kila Msimu

Mazungumzo na wafugaji na vikundi vya akina mama, Hadado, Wajir Magharibi

Namshukuru mkalimani wetu, kwa sababu kazi yake leo ni ngumu kuliko yangu. Nikienda mbio mnipigie kelele nipunguze.

Nimeombwa niseme juu ya nyasi. Najua wengine mmecheka mliposikia. Mtu atoke mbali aje kuwafundisha wafugaji wa Wajir habari ya nyasi! Ni kama kumfundisha mvuvi wa Lamu habari ya bahari. Wazee waliokaa hapa mbele wanazijua nyasi kwa majina ambayo ulimi wangu hauyawezi. Wanajua zipi humnonesha ngamia, zipi humpa mbuzi maziwa, na wanaijua daremo ambayo Wasomali wameisifu tangu zamani. Basi malisho ya mbali nawaachia ninyi. Mimi nataka kusema juu ya nyasi za karibu, zile za hatua hamsini kutoka mlangoni. Hizo ndizo zilizopotea.

Tazameni miji yetu hii yote iliyokua kando ya kisima cha mashine. Kisima kikichimbwa, watu wanakuja. Watu wakija, duka linakuja, shule inakuja, zahanati inakuja. Hayo ni mema. Lakini mifugo nayo inakuja kunywa, kila siku, mwaka mzima, na kila mnyama anayepita anang'oa kinywa kimoja. Baada ya miaka michache ardhi ya kuzunguka mji inabaki ngumu kama sahani. Mvua inanyesha juu yake na maji yanakimbia. Upepo wa Hagai ukianza, vumbi lote linaingia ndani ya sufuria. Si kosa la mtu mmoja. Mahali pa kupumzikia mwezi mmoja pamekuwa mahali pa kukaa siku zote, na nyasi hazijapewa nafasi ya kupumua.

Sasa mtaniuliza, kwani kuna hasara gani? Ngamia na ng'ombe wako malishoni mbali, wanakula huko. Nyasi za mlangoni ni za nini?

Ni za mtoto wa miaka miwili.

Nieleze. Jilal ikikaza, mnafanya kama walivyofanya baba zenu: vijana wanaondoka na kundi kwenda mahali penye maji na majani. Hiyo ni akili kubwa, na serikali ya mkoloni pamoja na wataalamu wengi waliokuja baadaye walichukua muda mrefu sana kuielewa. Lakini kundi likiondoka, maziwa yanaondoka nalo. Nani anabaki nyumbani? Wanabaki nyanya, mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na watoto wadogo ambao hawawezi safari. Wanabaki na mbuzi watatu au wanne, pengine ngamia mmoja wa maziwa. Na hao mbuzi watakula nini hapa? Karatasi na maboksi. Kwa hiyo ule mwezi ambao mtoto anahitaji maziwa zaidi ndio mwezi ambao kikombe chake ni kikavu. Anapewa chai ya rangi na uji mwepesi. Mnajua yanayofuata, tena mnajua kuliko mimi, kwa sababu ni ninyi mnaompeleka kupimwa mkono kwa ule utepe wa rangi.

Jambo hili limechunguzwa kwa jirani zetu. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Wasomali kule Ethiopia, sehemu za Liben na Shinile, shirika la Save the Children pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walijaribu jambo moja rahisi miaka ya 2010 na 2011. Wakati wa kiangazi waliwapa chakula wale wanyama wachache wa maziwa waliobaki karibu na nyumba. Hawakulisha kundi zima, ni hao wachache tu. Maziwa yaliendelea kutoka, na waliokunywa kwanza walikuwa watoto. Hali yao ya lishe ilisimama vizuri kuliko ya watoto wa mahali ambapo mifugo haikusaidiwa. Akina mama hawakuhitaji kufundishwa nani apewe kikombe cha kwanza.

Kule chakula cha mifugo kililetwa na mradi. Mradi huja na mradi huenda. Swali langu ni hili: sehemu ya chakula hicho haiwezi kuota hapa, nyuma ya herio?

Mimi nasema inaweza, ila kwa masharti. Na kabla ya masharti, kicheko kidogo. Kule Nairobi kuna watu wanaopanda nyasi za kutazama tu. Kweli! Wanazimwagilia maji, wanazikata kila wiki mbili, halafu zile zilizokatwa wanazitupa kwenye takataka. Mbuzi akiingia anafukuzwa kwa mawe. Mzee mmoja wa Habaswein alinisikia nikisema hivyo akaniuliza kama watu hao ni wazima. Lakini tuwape haki yao kwa jambo moja. Nyasi zao ni nzuri kwa sababu kuna mtu anayezitazama kila mwezi wa mwaka, mvua iwepo isiwepo. Hawangoji mpaka zimekufa ndipo wakumbuke. Maji yao hatuna, na nyasi zao za mlimani hapa haziwezi kuishi. Hiyo desturi ya kutazama kila mwezi ndiyo ya kuchukua.

Sasa tusikilizane vizuri hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Kuna nyasi za aina mbili. Kuna zile za msimu mmoja: mvua inanyesha, zinaota mbio, zinatoa mbegu, zinakufa. Zile zenye miiba mitatu kwenye mbegu, zinazoshika nguo na sufu ya kondoo, nyingi ni za namna hiyo. Mliziona baada ya mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023. Nchi nzima ilikuwa kijani, watu wakasema ardhi imepona. Jua lilipowaka wiki chache, zikavunjika na upepo ukazibeba. Halafu kuna zile za kudumu, ambazo juu zinakauka lakini chini ziko hai. Daremo ni ya kudumu. Ile yenye mkia kama wa mbweha, ambayo wataalamu wanaiita Cenchrus ciliaris, ni ya kudumu. Hizi ndizo tunazozitaka nyumbani.

Nyasi ya kudumu ina akiba. Akiba yake imewekwa kwenye kitako, pale shina linapokutana na mizizi. Mvua ya kwanza ikinyesha, nyasi inafungua hiyo akiba, inatoa majani machache mabichi. Majani hayo ndiyo jiko lake. Yakipata jua wiki tatu, nne, yanapika chakula na kurudisha akiba chini. Lakini ni nani anayeyangojea hayo majani ya kwanza? Mbuzi! Amekaa na njaa miezi mitatu, na majani ni matamu. Anayakata. Nyasi inafungua akiba tena, inatoa mengine. Mbuzi anakata tena. Mara ya tatu ghala ni tupu, na mvua ikiwa bado inanyesha, nyasi inakufa. Watu wanasema jua limeiua. Jua halikuiua. Imeuawa katikati ya mvua, na watu wanaona.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni la subira. Wiki sita za mwanzo wa Gu, na wiki sita za mwanzo wa Deyr, mnyama asiingie kwenye kiwanja cha nyasi. Hata kondoo mmoja mgonjwa. Hata mbuzi wa mgeni. Jambo hili likifanyika msimu mmoja na kuachwa msimu wa pili, faida yake ni ndogo sana. Linataka kufanyika kila msimu.

Mtasema wiki sita ni rahisi kutamka. Ni kweli, si rahisi. Mbuzi wanalia, na nyasi zinaonekana. Ndiyo maana tunaanza na kiwanja kidogo: hatua kubwa ishirini kwa ishirini, yaani mita 20 kila upande. Hicho ua wa miiba unaweza kukizunguka, na mama mmoja na watoto wake wanaweza kukilinda. Na wakati huo wa mvua majani yapo kila mahali nje. Mbuzi hatakufa njaa mwezi wa Mei kwa kunyimwa kiwanja chako.

Tufanye hesabu ya maji, maana najua mawazo yenu yako huko. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja chetu ni mita za mraba 400. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni lita 8,000. Mitungi ya lita 20, ile ya manjano, ni mitungi 400. Punda gani atakuletea mitungi 400 kwa alasiri moja, bure? Mvua ya Wajir ni kidogo, mwaka wa kawaida ni kama milimita 300 au pungufu. Lakini kidogo hicho tukikizuia ni kingi. Tabu ni kwamba kinaanguka juu ya ardhi ngumu na kinakimbilia laga.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni ya jembe na sururu, na hufanywa kabla ya mvua, mwishoni mwa Jilal, mwezi wa Machi. Chimbeni vidimbwi vya nusu mwezi. Kule Niger watu wamevichimba kwa miaka mingi kwenye ardhi iliyokufa kuliko hii. Kila kimoja kina upana wa hatua nne hivi. Mdomo wa ule mwezi unatazama upande maji yanakotoka, na udongo mnaochimba mnaupanga upande wa chini, uwe ukingo. Msichimbe shimo refu. Kina cha kiganja mpaka muundi kinatosha. Maji yakija yanasimama ndani, yanakunywewa na ardhi taratibu. Mkitaka kujua maji yanakotoka msihitaji mtaalamu na vyombo vyake. Watoto wanajua. Waulizeni wapi huogelea mvua ikinyesha.

Pangeni vidimbwi hivyo kwa mistari, na mstari wa pili uwekwe mbele ya nafasi za mstari wa kwanza, ili maji yanayoponyoka hapa yashikwe pale. Sehemu iliyobaki ikwaruzwe tu, ule ugaga wa juu upasuke.

Halafu mbegu. Watafiti wa KALRO kule Kiboko, wilaya ya zamani ya Makueni, wameshughulika na nyasi za nchi kavu kwa miaka mingi, na wanashauri kilo 5 za mbegu kwa hekta, yaani kama kilo 2 kwa eka. Kiwanja chetu kidogo kinatosheka na robo kilo. Mbegu hizi ni nyepesi kama manyoya, zinaruka na upepo. Changanyeni na mchanga mkavu au samadi iliyosagika ndipo mtawanye. Msizifukie. Hapa vijana wengi wanaharibu: wanafukia kama mahindi. Mbegu ndogo ikilala chini ya udongo mzito haina nguvu ya kutoka. Tawanyeni juu, mpitishe tawi la mgunga kama mtu anayefagia, basi. Juu yake mtupe matawi machache ya miiba. Yanavunja jua, yanavunja upepo, na yanamkatisha mbuzi tamaa.

Kuna neno moja juu ya mbegu ambalo wanaouza hawasemi siku zote. Mbegu ya hiyo nyasi ya mkia wa mbweha ikivunwa leo haioti vizuri leo. Inalala. Inataka kukaa mahali pakavu miezi kadhaa, na ikifika mwaka inaota vizuri zaidi. Kwa hiyo mama aliyevuna mbegu yake mwezi wa Juni akaipanda Oktoba isipoote sana, asikate tamaa na asimlaumu jirani. Aiweke kwenye gunia la kitambaa, si mfuko wa plastiki, aitundike ndani ya nyumba mbali na panya.

Nyasi hii ina hadithi, na nitaisimulia mbio. Mbegu zake zilichukuliwa kutoka kaskazini kavu ya Kenya, upande wa Turkana, na katika miaka ya 1940 zikapandwa Texas, Marekani. Leo zimefunika malisho makubwa kule. Australia nako inasemekana zilifika ndani ya matandiko ya ngamia, katika karne ya 19, ngamia walipopelekwa huko kubeba mizigo. Tena zimestawi mpaka zimekuwa udhia jangwani kwao, zinachoma mimea yao kwa moto. Kwetu ziko nyumbani, wanyama wetu wanazijua. Ila nimeona ajabu: nchi ya ng'ambo imetajirika kwa nyasi iliyotoka kwetu, nasi hapa tunafagia mavumbi.

Nikisema kufagia, akina mama mniwie radhi. Uwanja uliofagiliwa ni heshima ya nyumba, na mbele ya mlango fagieni, kwa sababu ya nyoka na nge. Acheni ukanda mtupu wa hatua tano au sita kuzunguka nyumba. Lakini ufagio usivuke hapo. Kila siku tunapofagia mpaka mbali, tunafagia mbegu, tunafagia samadi, tunafagia majani makavu ambayo yangefunika ardhi. Halafu tunayachoma moto! Yale takataka ya majani na samadi yamwageni ndani ya vidimbwi. Mifuko ya plastiki tu ndiyo muitoe, kwa sababu mbuzi akiimeza itamwua.

Sasa nyasi zimeota, mmengoja wiki sita, labda nane. Zimetoa maua. Hapo ndipo pa kukata, wakati wa maua, kabla mbegu hazijakauka zote. Wengi wanangoja mpaka zimekuwa za manjano wakidhani zimekomaa. Zikiwa za manjano chakula kimekwisha ondoka, mnahifadhi vijiti. Kateni kwa mundu, na muache upana wa kiganja kutoka chini, vidole vinne. Kitako kile ndicho ghala nililosema, mkikikata mmevunja benki. Na pembe moja ya kiwanja, kama robo yake, msiikate. Hiyo iachwe itoe mbegu, nusu mvune kwa mkono na nusu ianguke yenyewe.

Zianikeni siku mbili au tatu, mkizigeuza, kisha ziingie kivulini. Nyasi kavu nzuri bado ina rangi ya kijani na harufu nzuri. Kama mna mbao, tengenezeni sanduku lisilo na kifuniko wala sakafu: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Pitisheni kamba mbili, mjaze nyasi, mtoto akanyage kwa miguu, mfunge. Likikanyagwa vizuri ni robota la kilo 20 hivi. Liwekwe juu ya uchaga, si chini. Mchwa wa Wajir hawana huruma.

Mbuzi mmoja wa kilo 30 anakula kama kilo moja ya nyasi kavu kwa siku. Mbuzi wanne kwa siku 90 za Jilal ni kilo 360, marobota 18. Nisiwadanganye: kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini hakitatoa marobota 18. Katika mwaka wa kawaida hesabu hiyo inataka kitu kama eka moja iliyotunzwa vizuri. Kiwanja kidogo ni cha kujifunza na cha kupata mbegu. Mwaka wa kwanza hata msikate sana, mwacheni mtoto asimame. Lakini hata marobota matatu yana maana kama yatapewa mbuzi mmoja aliyezaa, mwezi wa Februari. Wapeni wenye maziwa kwanza. Beberu atajitafutia.

Juu ya Hagai sina mengi. Ni miezi mikavu yenye upepo. Tengenezeni ua, rekebisheni kingo zilizovunjwa na maji, kateni miche ya vichaka inayoingia. Na mathenge! Ndugu zetu wa Garissa kando ya Tana wanalia na mti huu, ulioletwa katika miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema ya kuzuia jangwa. Mbuzi wanakula maganda yake matamu na kusambaza mbegu kwa mavi. Mkiona mche ung'oeni ukiwa mdogo, na mizizi yake. Ukikatwa juu ya ardhi unachipua matawi kumi badala ya moja. Deyr ikija, mambo yale yale ya Gu yanarudi: ua ufungwe, wiki sita, mkate Desemba. Na robota la Desemba ndilo la thamani, kwa sababu Jilal iko mlangoni.

Lakini kuna jambo linalonisumbua, na nataka wazee walisikie. Ua. Mimi nimesema jengeni ua, na ua unaweza kuleta maafa. Mtu mwenye nguvu akisikia maneno haya, kesho atafunga eka mia na kusema ni nyasi za nyumbani. Mwingine atafuata. Njia za ngamia kwenda majini zitafungwa, na Jilal itakapokuja watu watapigana. Uhai wa nchi hii ni mwendo. Nyasi za nyumbani zisiue nyasi za safari. Tumeona katika ukame wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano mfululizo mvua ikikataa, mifugo zaidi ya milioni mbili na nusu ikafa katika Kenya. Wakati kama huo kiwanja cha nyuma ya nyumba hakitoshi kitu. Kinachookoa kundi ni njia iliyo wazi na makubaliano na majirani.

Wengine wamelifikiria jambo hili kabla yetu. Waborana wa Isiolo wana dedha, baraza la wazee linaloamua wapi palishwe wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi pasiguswe mpaka ukame mkali. Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, wana ngitili. Mvua ikianza, sehemu ya malisho inafungwa. Kiangazi kikikolea inafunguliwa. Kuna ngitili ya nyumba moja na kuna ngitili ya kijiji kizima, na sheria zake ziko mikononi mwa wazee. Desturi ile ilikuwa karibu kufa. Mwaka 1986 mpango wa serikali ulioitwa HASHI uliifufua, nchi iliyokuwa inaitwa jangwa la Tanzania ikarudisha zaidi ya hekta 300,000 za malisho na miti. Hapa kwetu Kenya, kando ya Ziwa Baringo, shirika la RAE lilianza mwaka 1982 kufunga mashamba ya nyasi kwenye ardhi tupu kabisa kwa makubaliano na wenyeji. Watu wakaanza kuuza mbegu na nyasi za kuezekea. West Pokot, kule Chepareria, watu walianza na viwanja vya familia mwaka 1987. Nyasi na maziwa yakaongezeka, lakini ugomvi wa mipaka nao ukaongezeka. Tuchukue yote mawili, faida na onyo.

Kwa hiyo pendekezo langu, na wazee mna haki ya kulikataa, ni kwamba tukubaliane leo ukubwa ambao nyumba moja haitavuka. Njia za maji na njia za ngamia ziwekewe alama kabla ua wa kwanza haujasimama. Mjane na nyumba isiyo na vijana wasaidiwe kukata miiba, wasije wakawa wa mwisho. Na kuwe na faini ya mnyama atakayeingia katika zile wiki sita, faini ambayo wazee wenyewe mtaitaja, si mimi, wala si chifu. Ardhi hii ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inawapa ninyi sauti juu ya matumizi yake. Sauti hiyo ina nguvu zaidi ikiandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi.

Nimeulizwa asubuhi na mama mmoja kama mbegu ni ya bure. Kilo chache tulizoleta ni za bure kwa nyumba kumi za kwanza, robo kilo kila nyumba, na kila nyumba irudishe robo kilo mbili baada ya mavuno ili zipewe nyumba nyingine. Vikundi ndivyo vitakavyochagua hizo nyumba kumi, sisi hatuingii hapo. Na msichague kumi zilizo karibu na barabara ili wageni wazione.

Jua limepungua ukali. Sururu mbili na kamba ya kupimia ziko ndani ya gari. Nyuma ya shule tumeomba kipande cha ardhi, na watoto wamekwisha nionyesha mahali wanapoogelea. Twendeni tukachimbe kidimbwi kimoja pamoja, mkione kwa macho, na wazee watuambie kama mdomo wake umeelekea kunakofaa.